Bustani ni poa, lakini msifute Mkuyuni

Ukishuka Mathare leo hadi kando ya mto, kuna mahali utakuta nyasi changa, miche iliyokingwa kwa vijiti na, kama ni Jumapili jioni, vijana wakipigana picha. Labda hata wewe umepiga yako hapo. Sikulaumu, mwanga wa jioni pale ni mzuri. Ila ukisimama karibu na mche wa tatu kutoka kwenye daraja, jua umesimama sebuleni kwetu. Na jikoni. Na chumbani pia, maana yote yalikuwa hapo hapo, futi kumi kwa kumi.

Ploti yetu tuliiita Mkuyuni, ingawa hakuna mtoto wa rika langu aliyewahi kuuona huo mkuyu. Wazee walisema ulikatwa ili vyumba vijengwe. Sasa vyumba vimebomolewa ili miti ipandwe. Nilipomwambia mathe hivyo alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akanyamaza.

Zilikuwa safu mbili za mabati zikitazamana, milango 12 kila upande, na katikati korido ambayo mtu mzima akinyoosha mikono anagusa pande zote. Ukuta wa jirani ndio ukuta wako. Sisi hatukuwa na redio, lakini hatukuwahi kukosa taarifa ya habari ya saa moja. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa na watu watatu kama umemeza dawa. Korido ndiyo ilikuwa uwanja wetu: bano, brikicho, kati, na mpira wa majuala uliofungwa kwa kamba. Goli moja lilikuwa mlango wa choo, kwa hivyo mechi ilisimama kila mtu alipobanwa.

Mlango wa kwanza palikuwa na mama wa mandazi. Funguo za nyumba saba zilikuwa zikining'inia shingoni mwake, kwa sababu wazazi wetu walitoka alfajiri kwenda kibarua na sisi tukirudi shule tulipitia kwake. Ungechukua ufunguo na andazi moja. Mwisho wa mwezi mathe alilipa, au alilipa nusu, au aliomba subira. Hakukuwa na daftari. Kila kitu kilikuwa kichwani mwa yule mama, na sijawahi kusikia mtu akibishana naye kuhusu hesabu.

Sasa usidhani nakuuzia ndoto. Mto ulinuka. Mvua ikinyesha usiku tulilala tukiwa tumevaa viatu. Choo kimoja, watu zaidi ya mia. Aprili 2024 maji yalipopanda, yalichukua watu huko Mathare, sio mabati tu, na mtu akiniambia pale hapakufaa kujengwa nyumba, sina jibu. Kisha ikaja amri ya kuondoka mita 30 kutoka mtoni, na Mei tingatinga zikashuka bondeni. Sitaki nyumba zile zirudi. Nani atamrudisha mtoto wake pale?

Kinachonikera ni ile kelele ya mtandaoni. Unaona picha mbili, ya kabla na ya baada, halafu mtu wa mtaa mwingine kabisa anaandika, "Hatimaye pamesafishwa." Pamesafishwa nini? Mimi? Taka ilikuwepo, ndiyo, lakini tingatinga haikuchagua kati ya taka na funguo saba.

Mama wa mandazi yuko Kariobangi siku hizi. Bado anakaanga, na mandazi ni yale yale. Lakini kijana wake ananiambia sasa anauza kwa pesa mkononi tu, kwa sababu hawajui wateja wake na wao hawamjui. Hiyo ndiyo hasara ambayo hakuna aliyeihesabu. Zile shilingi 10,000 zilizotangazwa kwa kila familia zingeweza kulipa kodi ya mwezi au miwili. Hazikuweza kununua mtu wa kumwachia ufunguo.

Na hii Nairobi imezoea. Pangani ya kwanza, kijiji cha Waafrika, ilibomolewa na wakoloni mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wakahamishiwa nyumba za baraza la mji. Wazee husimulia kwamba waliposhauriana kama wahame au wakatae, ikabaki kila mtu na shauri la moyo wake. Ndiyo Shauri Moyo hiyo unayoisikia makanga akiita kila siku. Angalau wale waliacha jina.

Kule Halifax, Kanada, kulikuwa na mtaa wa watu weusi uitwao Africville. Ulibomolewa miaka ya 1960, na baadaye pakafanywa bustani yenye jina jingine kabisa. Wenyeji hawakukubali yaishe hivyo. Kila kiangazi walirudi na mahema na watoto wao, wakapika na kulala pale pale palipokuwa nyumba zao. Mwaka 2010 meya wa mji akaomba radhi, na bustani ikarudishiwa jina la Africville.

Mimi sidai radhi. Nadai kibao. Wanaopanga bustani za mto wetu waweke jina la kila ploti pale ilipokuwa, na njia ya kutembelea ifuate korido za zamani badala ya kuzunguka tu kwa urembo. Na tafadhali, wasituwekee maandishi ya "usikanyage nyasi". Watoto wa ng'ambo ya mto bado wana mpira wa majuala na hawana pa kuuchezea.

Wewe je, ploti uliyokulia bado iko? Kama iko, piga picha ya milango, sio ya sura yako peke yake. Mimi nilichelewa. Nimekaa na mathe jioni kadhaa tukiandika kwenye simu nani aliishi wapi, na kati ya milango 24 tumepata 23. Uliobaki ni wa tisa upande wa mtoni, uliokuwa na pazia la kijani. Tunakumbuka pazia, na tunakumbuka harufu ya samaki Ijumaa. Jina la mwenyewe limetutoka. Kama ni nyinyi, au unawajua, nitumie ujumbe. Mathe anauliza kila siku.