Mvua ya Ng'ambo Haioteshi Mahindi ya Mishamo

Kuna hadithi moja nimeisoma mara nyingi mno, na kila mara ina jina jipya la mwandishi. Kijana wa Kibongo amepata muhula mmoja wa masomo ng'ambo. Amesimama dirishani. Nje mvua inanyesha. Anakumbuka ugali, anamkumbuka mama, analia kidogo. Hadithi inakwisha na mvua bado inanyesha. Vijana wenzangu, hebu tuambizane ukweli: mvua hiyo imetosha. Tumelowa.

Kabla hamjanirukia, nikiri kwamba na mimi ni mkosaji. Nilipata nafasi kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi, nikapelekwa Bergen, kule Norway. Mji huo uko pwani ya magharibi, umezungukwa na milima, na mawingu ya bahari yakishagonga milima ile yanamwaga yote waliyobeba. Kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, maradufu ya zile tunazozipata Mpanda. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo, na wenyeji wanalisimulia jambo hilo kama sisi tunavyosimulia ubingwa wa mpira. Basi nikanunua koti la mvua, nikanunua na daftari. Daftari likajaa: rangi ya mvua, sauti ya mvua, upweke wa mvua. Kurasa arobaini! Nikajiona mwandishi kwelikweli, maana nilishaaminishwa, kama ninyi, kwamba mtu hawezi kuandika cha maana mpaka atoke nje.

Siku moja, katika kuikimbia mvua hiyohiyo, nikaingia maktaba. Kwenye rafu za Afrika nikachomoa kitabu cha Kiingereza cha mwaka 1995, kilichoandikwa na Liisa Malkki, mama mmoja wa Kifini. Nikafungua katikati. Mishamo! Siyo Mishamo nyingine, ni hii yetu ya Katavi, ambako bibi yangu alilima mahindi na tumbaku mpaka mgongo ukapinda.

Kwa msiojua: mwaka 1972 Burundi iliwaka moto, maelfu ya watu wakavuka mpaka kuokoa roho zao. Serikali yetu ikawapa mapori wayageuze mashamba. Ulyankulu kule Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafuata Mishamo. Wakafyeka miombo, wakazaa, wakazika. Ilipofika 2014 wengi wao walipewa hati za uraia wa Tanzania, zaidi ya miaka arobaini tangu wavuke. Malkki aliishi Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, akiwauliza watu na kuandika jinsi walivyojisimulia historia yao.

Nikasoma mpaka wakaja kufunga mlango. Nilikuwa na hasira, na hasira zenyewe hazikuwa za Malkki. Yeye aliuliza. Bibi alikwisha fariki miaka miwili kabla, na mimi, mjukuu wake niliyelala nyumbani kwake likizo hata sizikumbuki idadi, sikuwahi kumwuliza hata siku moja: Bibi, ulivukaje? Ulibeba nini kichwani? Nani alibaki njiani? Nilimwona ni bibi wa porini tu, mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi, wa kunichomea mahindi. Hadithi nilikuwa nazisubiri huko nitakakokwenda.

Jamani, huo ndio ugonjwa ninaougombeza.

Najua mtakavyonijibu. Wa kwanza atasema nawaonea wivu watakaosafiri, na wahenga walishasema tembea uone. Sawa, tembeeni. Lakini wahenga walisema uone, hawakusema usimame dirishani ujitazame mwenyewe. Na kubadilishana, kwa Kiswahili cha kawaida, maana yake kila mmoja alete chake. Wanafunzi wa Kizungu wanaokuja kwetu kwa muhula mmoja wanakuja na maswali, hata yale yanayotuudhi. Sisi tunakwenda na nini? Siku nilipoombwa darasani nieleze habari za kwetu, nilieleza Mlima Kilimanjaro na Serengeti, mahali ambapo sijawahi kukanyaga! Hifadhi ya Katavi, na viboko wake wanaobanana kwenye matope ya mto Katuma kiangazi kikikaza, sikuitaja. Niliona aibu, kana kwamba nimetoka mahali pasipo na jina.

Wa pili atasema Mpanda hakuna kitu, na kikiwepo hakuna wa kukisoma. Ndugu yangu, reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilijengwa miaka kumi na kitu kabla ya Uhuru kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Madini yakaisha, reli ikabaki, mji ukabaki na watu wake. Hiyo ni riwaya nzima imelala chini, haijaokotwa. Umeshawahi kukaa na mzee yeyote aliyeuona mgodi ule ukifanya kazi? Au unamngoja naye Mfini wake?

Na kama kweli unataka kujifunza kwa watu wa mji wa mvua, jifunze kile kinachofaa. Norway ilikaa mamia ya miaka chini ya Denmark, na hata walipotengana mwaka 1814 watu waliendelea kuandika Kidenishi. Akatokea mtoto wa mkulima, Ivar Aasen. Kuanzia miaka ya 1840 alizunguka vijijini akikusanya maneno ya wakulima na wavuvi, akatoa sarufi mwaka 1848 na kamusi mwaka 1850. Lugha iliyotokana na kazi hiyo, inayoitwa Nynorsk, mpaka leo ni ya wachache nchini kwao. Lakini Jon Fosse, aliyekulia kijijini Hardanger, si mbali na Bergen, ameandikia lugha hiyohiyo ya wachache, na mwaka 2023 akapewa Tuzo ya Nobel. Hakungoja kwanza aishi London. Mvua iliyomo kwenye kazi zake ni ya kwao, kwa lugha ya kwao. Sisi tuna Kiswahili kinachosikika kutoka Lamu mpaka Lubumbashi, halafu tunasema hatuna wasomaji!

Sisemi msiende. Tena nafasi zenyewe zimekuwa za kugombania: mwaka 2023 Norway ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya, kwa hiyo kwa maskini kama sisi mlango uliobaki ni huo mwembamba wa kubadilishana. Atakayepita apite. Ila asipite mikono mitupu, na asirudi na mvua ya watu kwenye begi akatuuzia kama fasihi. Arudi na lile jicho la mgeni, linaloshangaa kila kitu na kuuliza kila kitu, alifungulie hapa. Mvua ya kwanza ya Novemba inapopiga Mpanda, kumbikumbi wakatoka, watoto wakawakimbilia na mabeseni, barabara ya kwenda Mishamo ikaanza kumeza matairi ya malori, hapo pana kazi ya kalamu kumi. Mahindi hayaoti kwa mvua ya Bergen.

Nawaomba wahariri wa gazeti letu hili nao wakaze kidogo. Ikija hadithi nyingine ya dirisha na mvua, mrudishieni mwenyewe na swali moja tu: bibi yako alitoka wapi? Akishindwa kujibu, aanzie hapo.

Maana muda hautungoji. Waliovuka mwaka 1972 wakiwa watu wazima wanakwisha, kila mwaka tunawazika Katumba na Mishamo, na kila mmoja anakwenda na yake. Wangu amekwenda na yake yote. Mimi nimebaki na kurasa arobaini za mvua.

Wako bado yupo? Basi unangoja nini, viza?