Mastaa na Madumu Juu ya Paa, Spea Iko Wapi?

Najua wengi mmeingia hapa kutafuta nani kaachana na nani. Hizo zipo, nazipandisha kesho. Leo niacheni niseme la moyoni kuhusu posti ya staa wetu mmoja wa bongofleva, jina silitaji, mnamjua wenyewe. Ile aliyosimama na Prado yake nyeusi kule Vumawimbi, bahari nyuma yake, juu ya paa kapanga madumu manne ya kijani kama anakwenda kuvuka jangwa. Laiki kibao, komenti za moto moto, "baba wa safari", "kaka umetisha".

Sasa ikuzeni ile picha muangalie mlango wa nyuma. Pale panapokaa spea pamebaki chuma kitupu. Kaing'oa! Na sio yeye peke yake, dada mmoja wa filamu naye aliposti ya kwake mwezi uleule, spea hana, nafasi yake kaweka kifuniko chenye jina lake kwa herufi za dhahabu. Eti spea nyuma inaizeesha gari.

Ingeishia kwao nisingeandika. Tatizo limeshafika kwetu. Piteni Jadida jioni muone RAV4 za zamani na Escudo, zile za spea mlangoni, vijana wameshazivua. Spea wameuza, hela wamenunulia keria ya juu na madumu mawili. Madumu matupu, wadau! Yanagongana tu gari ikipita kwenye tuta.

Hebu tupige hesabu ndogo. Pemba kutoka kusini mpaka kaskazini ni kama kilomita 67. Prado nyingi tenki lake kubwa linabeba lita 87. Hata gari ikiwa mlafi, inakula lita 12 kwa kilomita 100, tenki likijaa unakwenda kama kilomita 700. Hiyo ni mara kumi ya urefu wa kisiwa chote. Unatoka Mkoani, unafika Kigomasha, unarudi, unakwenda tena na tena, mafuta bado. Hayo madumu manne ya nini? Halafu ile gari ilivuka bahari ndani ya meli, na petroli ya kwenye madumu ndani ya meli haitakiwi. Kwa hiyo mie nahisi hata ya kwake yalikuwa matupu. Ni vipodozi tu vya gari.

Wenzetu walioanzisha mtindo huu wana sababu. Australia kuna njia inaitwa Canning Stock Route, kiasi cha kilomita 1,850 za jangwa, ukiishiwa mafuta katikati hakuna bodaboda wa kukuletea chupa. Ndiyo maana Prado za kule kwa miaka mingi zilikuwa zinatoka na tenki la pili, jumla lita 150. Na hapa pana kitu wengi hawakijui: hilo tenki la pili lilikaa chini kwa nyuma, palepale ambapo spea ingeweza kuning'inia. Tenki likikaa chini, spea inapanda mlangoni. Ukitaka mlango msafi bila spea, spea inarudi chini na tenki la pili linatoka, unabaki na lita zako 87. Toyota wenyewe kule Australia waliuza ya namna hiyo, mlango mtupu, lita 87. Lakini spea ilikuwepo! Kiwanda kilikwambia uchague mafuta mengi au mlango mzuri. Hakuna mahali walipokwambia uache spea.

Hata Bara, mtu anayekwenda Katavi au Ruaha namuelewa akibeba mafuta ya ziada. Sheli ziko mbali, na ndani ya mbuga gari inatembea pole pole kwa gia nzito, inakunywa sana. Sisi Pemba shida yetu ya mafuta ni nyingine. Yanakuja kwa bahari, meli ikichelewa foleni inakuwa ndefu. Dawa yake ni kutoruhusu tenki lishuke chini ya nusu, basi. Ukishakuwa na nusu ya lita 87 unakaa siku kadhaa bila kuhangaika.

Ila watu wetu dawa yao ni dumu la mafuta ya kula. Limeoshwa, limejazwa petroli, limewekwa ndani ya gari nyuma ya kiti wanachokaa watoto, vioo vimefungwa. Wallahi hapa nakasirika. Petroli kwenye joto inatoa mvuke, ule mvuke ni mzito kuliko hewa, haupandi juu ukaondoka, unalala chini miguuni unasubiri cheche. Na dumu lile la plastiki laini linavimba, mfuniko unavuja. Tulilia wote Agosti 2019 baada ya Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walikufa pale kwa sababu ya petroli iliyomwagika na moto mmoja tu. Kama lazima ubebe, tafuta dumu la chuma au lile nene lililotengenezwa kwa petroli, lijaze likiwa limewekwa chini ardhini na sio ndani ya gari, usilijaze mpaka juu kabisa, na lisikae na abiria.

Juu ya paa nako kuna mipaka yake. Gari nyingi za namna hii kiwandani wanazipa kilo 80 mpaka 100 tu huko juu. Lita 20 za petroli ni kama kilo 15, ongeza na chuma cha dumu lenyewe. Manne yakijaa, keria yenyewe ina uzito wake, ukiweka na spea ambayo na rimu yake inafika kilo 35, umeshapita. Gari inakuwa nzito kichwani, kona za Wete–Chake mnazijua wenyewe. Na kichekesho kikubwa, ule mzigo wa juu unashindana na upepo, gari inakula mafuta zaidi. Mtu kabeba madumu ili mafuta yamfikishe mbali, madumu yenyewe yanayamaliza! Ukitaka kwenda mbali kwa mafuta hayohayo jaza upepo sawasawa, shusha keria kama huna mzigo, punguza mguu.

Nirudi kwenye spea, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kuna kijana wa mtaani kwetu anaendesha gari ya mtu, anapeleka wageni Ngezi na Vumawimbi. Tajiri yake kaivua spea baada ya kuona hizo picha. Alfajiri moja kachukua wageni wawili wanawahi boti Mkoani, jiwe limechana tairi kabla hawajatoka kwenye barabara ya vumbi. Jeki anayo, spana anayo, tairi hana. Boti imeondoka, wageni wamelala hoteli nyingine, na gharama ile kakatwa yeye kwenye mshahara, sio tajiri. Miezi miwili kafanya kazi ya bure. Na hapo ni wageni. Mnajua gari zetu hizi usiku ndizo zinazobeba mama mwenye uchungu kutoka Makangale kuja Wete.

Kwa hiyo dereva, kabla hujapokea funguo mwambie tajiri akuonyeshe spea. Ibonyeze, kama haina upepo hiyo ni mzigo tu. Soma namba nne pembeni mwa tairi, wiki na mwaka, mfano 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Hilo limeshazeeka hata kama halijawahi kugusa lami, mpira unakauka wenyewe, hasa ukianikwa juani juu ya paa bila kifuniko. Spea ikikaa chini ya gari, ishushe kila mwezi upake grisi kwenye mnyororo, chumvi ya bahari yetu inaugandisha, siku ya pancha unazungusha mpaka unalia. Ikikaa mlangoni, angalia bawaba, zikilegea mlango unaanza kugonga. Na saizi iwe sawa na mengine manne. Prado inavuta miguu yote minne muda wote, ukiweka tairi dogo upande mmoja na ukatembea nalo mbali, difu inaumia.

Najua mtanitukana, mtasema naona wivu sina hata Vespa. Sawa, sina. Ila kaka yetu wa bongofleva nasikia anarudi Pemba kwa ajili ya video. Kama timu yake inasoma hapa, mwambieni avue hayo madumu arudishe spea, vijana wa huku watamuiga ndani ya wiki moja.

Na nyie mlioshauza za kwenu, nani anajua Wete au Chake panapouzwa spea nzima ya RAV4 na rimu yake? Wekeni bei kwenye komenti, kuna mtu namtafutia.