KUKAA BENCHI MOJA NA WAZUNGU NDIYO KUJIUZA? ACHENI HIZO JAMANI!

Klipu ya sekunde 40 tu ndiyo iliyowatoa watu mapovu wiki nzima. Binti wa Kibongo kavaa lile gauni la Kijerumani la kubana kiuno na aproni mbele, kasimama juu ya benchi, upande huu kashikana mabega na mzee wa sharubu, upande ule kijana wa kizungu, wote wanaimba. Bendi nyuma inapuliza matarumbeta. Mezani kuna glasi za bia za lita moja moja. Basi, imeisha. Hakuna busu, hakuna kukaliana mapajani, hakuna chochote cha kuficha watoto.

Lakini watu walioshika simu zao Mbagala na Tabata wakaona mambo ambayo hata kamera haikuyaona. Huyu kasema keshauzwa, yule kampangia mpaka hoteli aliyolala, mwingine akajifanya kumuonea huruma baba yake mzazi. Mwanamke mtu mzima, kwenye picha yake kashika Biblia, akamuita jina ambalo haliwezi kuandikwa hapa.

Sasa sikia utamu. Mwezi huohuo wa Septemba 2024, uwanja uleule, staa mmoja wa kiume wa hapa mjini naye alikuwa Munich. Picha kama ishirini. Suruali ya ngozi, glasi mbili mkononi, pembeni meneja wake, mpiga picha wake na washkaji wawili aliotoka nao Bongo. Akaitwa mfalme, akaitwa baba lao, akaambiwa anakula bata kimataifa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza alilala wapi. Hakuna aliyemkumbuka mama yake.

Kama tatizo ni pombe, mbona ilikuwa haramu kwa mmoja tu?

Wenye msimamo wa dini wapo, na wana haki yao. Mtu asiyegusa pombe akisema sherehe ya bia si mahali pa kwenda, huyo ana hoja, mradi aseme hivyohivyo kwa staa. Waliosema kwa wote wawili wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine wote walikuwa na shida na kitu kingine kabisa: binti mweusi kakaa na watu asiowajua, anacheka, na hakuna ndugu yake pembeni wa kumchunga.

Tatizo la pili ni kwamba wengi waliotukana hawajui hata ile shughuli inaendaje. Wamesikia "Oktoberfest" wakadhani ni klabu ya usiku ya Kijerumani. Ile kitu ilianza mwaka 1810, sherehe ya harusi ya mtoto wa mfalme wa Bavaria, Ludwig, alipomuoa binti anaitwa Therese. Wananchi wakaalikwa nje ya mji, zikafungwa na mbio za farasi, na uwanja ule mpaka leo unaitwa Theresienwiese, jina la bibi harusi. Ni uwanja wa wazi, kuingia bure, kuna bembea kubwa na vigari vya watoto, na mahema makubwa ya bia 14. Bia inayouzwa ni ya viwanda sita vya Munich peke yake. Mwaka huo 2024 wameingia watu kama milioni 6.7 ndani ya siku 16. Familia zinakuja na vigari vya watoto wachanga. Jumanne ndiyo siku ya familia, michezo inapunguzwa bei. Watoto wa chini ya miaka 6 sharti watoke ndani ya mahema ikifika saa 2 usiku, na saa 4 na nusu bia inafungwa, bendi inanyamaza, watu wanaambiwa waende kwao. Hayo mambo ya mpaka asubuhi mliyoyaandika mlikuwa mnaongelea baa za mtaani kwenu.

Na sasa lile benchi. Ndani ya yale mahema huletewi bia umesimama. Huna kiti, huna bia, ndiyo sheria. Meza ni ndefu, za watu nane mpaka kumi, na kukodi meza kawaida unaichukua yote na kununua vocha za chakula na bia za watu kumi mapema. Binti analea watoto wa watu kwa mpango wa au-pair, yaani anakaa na familia, anaangalia watoto, anajifunza lugha, na mwisho wa mwezi anapewa hela ya mfukoni euro 280. Lita moja ya bia mwaka ule iliuzwa kuanzia euro 13.60 mpaka 15.30, zaidi ya shilingi elfu 40 za huku. Meza ya watu kumi angeikodi na nini? Akafanya wanachofanya watu wote wasio na meza. Akaenda mchana wa Jumanne, siku yake ya mapumziko, akazunguka, akaona benchi lina nafasi, akauliza kama hapo pana mtu.

Hilo swali hata huku lipo. Nenda baa yoyote ya Sinza jioni, mtu atakuja mezani kwako aulize, "Samahani, kiti hiki kina mtu?" Ukisema hakina, anakibeba anaondoka nacho! Anakipeleka kwa watu wake. Kule mtu akiuliza swali hilohilo anakaa, maana benchi halibebeki. Akishakaa anagonganisha glasi na wote, na kila baada ya muda bendi inapiga ule wimbo mfupi wa kutakiana afya, watu wananyanyua tena. Wimbo wa tatu unakuta unajua majina, wa tano mmeshikana mabega, na kusimama juu ya benchi ni kawaida. Ukipanda juu ya meza ndiyo walinzi wanakufuata.

Meza yake ilikuwa na nani? Mzee wa sharubu alikuwa na mke wake, ndiye aliyeshika simu akipiga ile klipu. Wastaafu wa posta kutoka kijiji cha jirani na Augsburg, kila mwaka wanakuja siku moja. Kijana wa upande wa pili ni fundi umeme wa Australia aliyepotezana na wenzake. Kulikuwa na wanafunzi watatu wa Kiitaliano waliokuwa wanagombania kuku mmoja, na muuguzi mwanamke, Mkroatia anayefanya kazi hospitali ya hapohapo Munich. Wajuaji walihesabu glasi nane kwenye picha wakamuandikia binti zote nane. Yake ilikuwa moja, na ndani mlikuwa na bia iliyochanganywa nusu kwa nusu na soda ya limau. Ilimtosha mchana mzima kwa sababu hela ya nyingine hakuwa nayo.

Halafu wapo walioligeukia gauni, eti kajianika. Gauni ni la zamani la mama mwenye nyumba, ndiye aliyemvalisha na kumfunga aproni kwa mkono wake. Kule wana desturi, fundo likiwa kushoto kwa mvaaji maana yake hana mtu, likiwa kulia maana yake ana mtu, msimsumbue. Rudieni klipu muangalie. Fundo liko kulia. Yule mama alijua anamtuma mtoto wa watu wapi, akamfunga hivyo makusudi.

Maana pale si peponi. Watu milioni sita na lita nzima nzima za bia kali, ya asilimia kama 6, lazima na wajinga wawepo. Mwanaume mmoja mlevi alikuja nyuma ya binti akaanza kumshika nywele bila ruhusa kama anapima kitambaa dukani. Bibi wa posta aliinuka, akamfokea mpaka akaondoka, kisha akabadilishana kiti na binti ili yeye ndiye akae pembeni. Hatari hiyo hata wenyewe wanaijua, ndiyo maana tangu 2003 pale uwanjani kuna kituo maalumu cha kusaidia wanawake na wasichana wanaosumbuliwa. Kwa hiyo anayesema binti awe makini kasema la maana. Ila kati ya wote waliomshambulia, mlinzi wake alikuwa nani? Ajuza asiyemjua, aliyekutana naye saa mbili kabla.

Turudi kwa mfalme. Meza yake ilikodiwa. Watu kumi wangekaa, walikaa watano, wote wa Bongo, wakapigana picha, wakala kuku, wakaondoka. Kwenye picha zote ishirini hakuna sura hata moja ya mgeni, labda mhudumu aliyepita na glasi zake kumi kifuani. Amesafiri mpaka Ulaya kwenda kukaa na meneja wake. Hiyo nayo ndiyo imeitwa kuijua dunia. Hela ni yake, aitumie anavyotaka, lakini anayestahili kuulizwa alikwenda kufanya nini kule si yule binti.

Tena kinachouma zaidi, binti mwenyewe ni wa Moshi. Uchagani kule, kwenye kilabu cha mbege, mtu anaingia, anabanwa kwenye benchi katikati ya wazee asiowajua, kata ya mbege inazunguka kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule, na kabla haijamfikia ameshaulizwa ni wa ukoo gani. Babu yake alikunywa hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyemuita kahaba. Msibani watu wanakula sinia moja na mtu ambaye jina lake hawatalijua kamwe. Leo mtoto wa kike kafanya kilekile mbele ya wazungu, imekuwa aibu ya taifa!

Na aibu hiyo haikuishia kwenye simu. Mama yake anauza vitambaa sokoni. Akina mama wa jumuiya walimfuata na ile klipu, wakamuonyesha mbele ya wateja, wakamsomea na yaliyoandikwa chini. Baba hakupokea simu ya mwanae siku tisa. Siku tisa mtu yuko peke yake nchi ya watu, analea watoto wa wengine, kwao hawamtaki. Akafuta klipu, mwishowe akafuta na akaunti.

Wale marafiki wa benchi, kusema ukweli, wengi ndiyo imetoka hiyo. Muaustralia hajasikika tena, Waitaliano hata namba hawakuacha. Bibi wa posta alituma kadi ya Krismasi. Aliyebaki ni yule muuguzi. Mkataba wa au-pair ukifika mwaka mmoja umekwisha, hauongezwi, na binti alikuwa hajui pa kushika. Muuguzi ndiye aliyemwambia kuna mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu, unasoma huku unalipwa zaidi ya euro 1,000 kwa mwezi tangu mwaka wa kwanza. Akamkalisha Jumapili tatu wakajaza barua za maombi pamoja, akimkosoa Kijerumani chake. Shule mbili zimemuita kwenye usaili.

Habari hizo zimeshafika Moshi. Baba anapokea simu siku hizi. Na mmoja wa wale akina mama waliopeleka klipu sokoni amerudi tena kwenye meza ya vitambaa wiki iliyopita, safari hii ameshika karatasi yenye namba ya mwanae wa kike, miaka 22, amemaliza kidato cha nne. Anaomba koneksheni.