Kisha kupasuliwa, dawa ya maumivu isingoje mgonjwa alie

Mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, hospitali za mji zilipokea mamia ya majeruhi kwa siku chache. Waganga walipasua muchana na usiku. Risasi ikatolewa, damu ikakatika. Lakini kwa mgonjwa, kazi ingine ilikuwa inaanza: usiku wa kwanza kisha kisu.

Maumivu ya usiku ule si ya kushtukiza. Mama anayezalishwa kwa kupasuliwa mara nyingi anachomwa sindano ya mgongo. Kisha saa mbili ao tatu, miguu inaanza kuamka, na maumivu nayo inaamka. Morfini ya kunywa inachukua karibu nusu saa mbele ya kusaidia, na kisha saa ine hivi nguvu yake inakwisha. Kwa hiyo anayengoja mpaka mgonjwa apige kelele amekwisha kuchelewa.

Watafiti walipima kama kutoa morfini mbele ya kisu kunapunguza maumivu ya kisha. Faida waliyoona ni kidogo. Kinachosaidia zaidi ni kufuata saa: paracetamol kila saa sita, ibuprofen kwa asiyekatazwa, morfini kwa maumivu makali. Zikitolewa pamoja, morfini inayohitajika inapungua.

Hapa kwetu watu wanasifu mwenye kuvumilia. Lakini mgonjwa anayeumia hapumui vizuri, anaogopa kukohoa, hatembei. Hapo homa ya mapafu na damu kuganda ndani ya mishipa vinapata njia.

Basi juu ya nini dawa inakosa? Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi ule ule, na kuleta dawa kukawa kugumu. Lakini shida ilikuwapo mbele ya vita. Mwaka 2017, jopo la jarida la Lancet lilihesabu karibu tani 300 za dawa za aina ya morfini kwa mwaka duniani. Nchi maskini kabisa zilipata kilo 100 hivi tu. Mkataba wa kimataifa wa 1961 unadai vibali, lakini mkataba ule ule unasema dawa hizi ni za lazima kwa kutuliza maumivu.

Kuna pia woga kwamba mgonjwa atazoea. Kwa siku chache, chini ya uangalizi, hatari hiyo ni ndogo. Hatari kubwa ni pumzi kupungua dawa ikizidi, na usiku muuguzi mmoja anaweza kuwa na sale nzima ya kuangalia.

Jirani yetu Uganda inatengeneza morfini ya maji nchini mwake, na tangu 2004 sheria inaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandikia wagonjwa. Na Uganda si nchi tajiri.

Kwa jamaa, kazi inaanza mbele ya mgonjwa kuingia kupasuliwa: kuuliza atapewa dawa gani, saa ngapi, na nani atampa usiku. Kisha kuandika kila saa ku karatasi, na kumukumbusha muuguzi mbele saa haijapita.