Mzee wa moyo akijibu "sikumbuki", msimkaripie

Familia nyingi za Morogoro zina mzee anayeshuka kutoka Mgeta, Matombo au Kinole kuja kliniki ya moyo mjini. Presha hupimwa, dawa hutolewa, nauli ya kurudi huhesabiwa. Linalosahaulika ni moyo kwa maana yake ya pili: huzuni.

Kati ya watu waliopata shambulio la moyo, takriban mmoja kati ya watano hupata sonona. Maradhi haya hayaishii kwenye kukosa usingizi na hamu ya kula. Hugusa pia kumbukumbu za mtu kuhusu maisha yake. Mwaka 1986 watafiti wa Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent, waliwapa watu waliokuwa wamejaribu kujiua neno moja moja na kuwaomba wakumbuke tukio. Wengi walijibu kwa jumla jumla badala ya kutaja siku fulani. Baadaye hali hiyo ilionekana pia kwa wagonjwa wengi wa sonona.

Kwa mgonjwa wa moyo, hili si dogo. Daktari akiuliza, "Kifua kilibana lini, ukipanda mlima au umekaa?" mzee hujibu, "Huwa kinabana tu." Daktari anakosa habari anayoihitaji, na nyumbani mzee anaonekana mkaidi au amezeeka vibaya.

Wazazi, fanyeni haya. Wekeni daftari: tarehe ya maumivu, alichokuwa akifanya, dawa aliyomeza. Mjukuu anayejua kuandika anaweza kusaidia. Mnapozungumza, ulizeni jambo mahususi. Badala ya "Zamani mliishije?" ulizeni, "Babu, siku ya kwanza kupeleka ndizi sokoni ulishuka na nani?" Akikwama, mpeni muda.

Mwambieni daktari kuhusu huzuni na usahaulifu, kwani moyo wenyewe na umri pia huweza kupunguza kumbukumbu, na kupima ni kazi yake. Sonona hutibika kwa ushauri nasaha na dawa. Lakini msijinunulie dukani, maana baadhi ya dawa za sonona hazifai kwa wenye matatizo ya moyo. Za moyo nazo asiache bila kuambiwa.

Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama siku ya kliniki bado.