Picha pacha kwenye kompyuta: nani orijino, nani kopi?

Leo naomba wale wote wenye kompyuta nyumbani wasogee karibu, akina kaka kwa akina dada, maana kasheshe ya leo haichagui.

Hali yenyewe iko hivi. Mshikaji kaachana na binti wake wa zamani. Kwa hasira kaingia kwenye kompyuta, kafuta picha zote za yule binti, kajifuta na jasho, kasema yamekwisha. Miezi ikapita, kapata mchumba mpya, tena huyu wa kupeleka posa kabisa. Jumapili moja mchumba anakaa kwenye kompyuta kutafuta muvi, anafungua folda iliyoandikwa "Za simu mpya 2", na huyo hapo binti wa zamani, miwani usoni, kichwa kakilaza begani kwa mshikaji! Lo! Sasa hapo hata uwe na mdomo wa mnadi mitumba utaeleza nini? Ukisema ulishazifuta, nani atakuelewa wakati zinamtazama?

Na kumbe kweli jamaa alizifuta. Alichosahau ni kwamba siku hizi picha haikai mahali pamoja. Zamani za mkanda wa picha 36 ulikuwa ukitaka kopi ya pili unapeleka negativu studio, unalipa, unasubiri zisafishwe. Kopi ilikuwa na bei, kwa hiyo kila mtu alijua anazo ngapi na nani kapewa. Leo kopi ni bure, na kitu cha bure kinazaana kama panya wa ghalani.

Ngoja nikupeleke Matogoro, pale Songea, chini ya ile milima ambako Mto Ruvuma unaanzia safari yake kabla haujafika mpaka wa Msumbiji na kuishia Bahari ya Hindi. Pale kuna Chuo cha Ualimu. Tuseme binti mmoja anamaliza ualimu wake, siku ya mahafali bibi yake amefunga safari kutoka Mbinga, kavaa kitenge kipya, na mpiga picha anawapiga wawili hao picha moja tu mbele ya maua. Moja tu, kwa sababu bibi hataki kusimamasimama juani.

Sasa ifuatilie picha hiyo. Mpiga picha anayo kwenye kamera. Anamwekea binti kwenye flashi, binti anaihamishia kwenye kompyuta ya kaka yake. Hapo ziko tatu. Binti anaitia kwenye simu, anairusha kwa WhatsApp kwenye kundi la ukoo, na simu nyingi za Android zinaweka kopi nyingine kwenye folda ya zilizotumwa. Mjomba aliyeko Dar anaipokea, anaikata kingo, anaipaka mwanga, anairudisha na maneno ya "hongera mwalimu wetu". Hiyo nayo inajihifadhi. Mwisho wa mwezi kaka anachomeka simu ya binti kwenye kompyuta, ananakili kila kitu kwenda folda "Picha mpya". Katikati umeme unakatika. (Songea imeingizwa gridi ya taifa mwaka 2018 kwa ile njia ya kutoka Makambako, kabla ya hapo mji ulikuwa unategemea zaidi jenereta za dizeli, lakini kukatika ni kukatika, hakuna mji usiokujua.) Umeme unarudi, kaka anaanza upya kwenye folda "Picha mpya 2". Hebu hesabu mwenyewe sasa. Mimi nimeachia njiani.

Siku diski inajaa, kompyuta inakohoa, kaka anasikia kuna programu za kutafuta picha zinazojirudia. Anapakua, anabonyeza kitufe cha kutafuta, zinatoka picha elfu mbili "zinazofanana". Anabonyeza futa. Raha iliyoje! Hapo ndipo nataka tukae kidogo, msomaji wangu, kwa sababu hizo programu zina akili za aina mbili na watu wengi hawajui wanatumia ipi.

Aina ya kwanza ni kama polisi anayechukua alama za vidole. Programu inasoma faili zima, inalipigia hesabu, inatoa mstari mfupi wa namba na herufi. Hesabu moja maarufu inaitwa MD5, aliitunga Mmarekani Ronald Rivest mwaka 1991, na mstari wake una herufi na namba 32. Faili mbili zikitoa mstari uleule, hizo ni kitu kimoja kilichonakiliwa, hata kama moja inaitwa "bibi" na nyingine inaitwa "DSC_0412". Kwa picha za nyumbani hapo futa moja ulale usingizi. Lakini alama hii ina ukali wake: ukigusa nukta moja tu ya picha, mstari wote unabadilika. Kwa hiyo ile kopi iliyopitia WhatsApp haikamatwi hata siku moja, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huwa inaibana upya. Na ile ya mjomba aliyoikata kingo, vivyo hivyo. Mshikaji wetu wa posa angetumia aina hii peke yake, bado yule binti angebaki mle ndani anamsubiri mchumba.

Aina ya pili haiangalii faili, inaangalia sura. Inafanya hivi: inaipunguza picha mpaka inakuwa vimiraba vichache tu, tuseme 8 kwa 8, jumla 64. Inaondoa rangi, inabaki nyeusi na nyeupe na kijivu. Halafu inauliza kila kimiraba: wewe una mwanga kuliko wastani, au umefifia kuliko wastani? Majibu 64 ya ndiyo na hapana ndiyo sura ya picha hiyo kwa macho ya mashine. Picha mbili zikitofautiana majibu machache, inasema hizi ni ndugu. Ukubwa ukipungua, rangi zikikolezwa kidogo, mtambo hautishiki, unazikamata.

Bomba, si ndiyo? Ndiyo, lakini sikia upande wa pili. Mtambo huu haumjui bibi. Unajua giza liko wapi na mwanga uko wapi, basi. Kumbuka siku ya mahafali mpiga picha anawasimamisha watu wote mahali palepale, mbele ya maua yaleyale, joho jeusi, mikono mbele. Ukilegeza kipimo cha programu ili ikamate nyingi, inaweza kabisa kukuwekea wahitimu watatu tofauti kwenye kapu moja, ikasema hawa ni mtu mmoja, bakiza mmoja. Na pale ulipopiga picha tano za harakaharaka, nne watu wamefumba macho na moja wamecheka vizuri, kwa mashine zote tano ni sawasawa. Itakayobaki ni bahati nasibu.

Sasa nije kwenye lile linaloniuma hasa. Kaka anapobonyeza "futa zote bakiza moja", ni ipi inayobaki? Kama hakuiambia programu, huenda ikabaki ile ya WhatsApp na ikaenda ile ya kamera. Kwa kioo cha simu huoni tofauti, bibi anatabasamu kotekote. Tofauti inakuja siku ambayo hakuna anayeiomba: bibi anafariki, ukoo unataka picha kubwa ya kuweka juu ya jeneza na nyingine ya kutundika sebuleni. Kila mtu anageuka, "ile ya mahafali iko wapi?" Kijana anakimbizwa mjini stesheneri na flashi, na mwenye mashine anaitazama, anatikisa kichwa.

Si maringo ya mwenye mashine, ni hesabu. Kamera ya kawaida au simu nzuri inatoa picha yenye nukta kama 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Ile iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida mara nyingi ubavu wake mrefu unabaki nukta 1,600 hivi. Karatasi ya A3 ina urefu wa sentimeta 42. Orijino inakupa nukta 95 kwa kila sentimeta, uso unatoka laini. Kopi inakupa 38. Na zile zilizobaki zimeshabanwa, kwa hiyo mikunjo ya uso wa bibi imeyeyuka, kitenge kimekuwa uji. Mwaka 2023 WhatsApp waliongeza kitufe cha HD, kinasaidia, ila nacho bado kinabana. Anayetaka kutuma picha ikafika ilivyo aitume kama dokumenti.

Kuna na jambo la tarehe. Picha ya kamera huwa imefichiwa ndani yake siku na saa iliyopigwa, kama saa ya kamera ilikuwa imewekwa sawa. WhatsApp inaipangusa habari hiyo. Lile jina la faili la mtindo wa IMG-20240615-WA0003 linakupa siku, sawa, lakini ni siku picha ilipopita WhatsApp, siyo iliyopigwa. Miaka kumi baadaye mnabishana ukooni bibi alikuja mwaka gani, na aliyekuwa na jibu mlishamtupa kwenye pipa la taka.

Basi ukitaka kusafisha, safisha kiutu uzima. Kwanza nakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla hujagusa lolote. Najua diski inauzwa hela, azima hata ya jirani kwa siku mbili. Halafu anza na pacha wa alama za vidole, wale hawana ubishi, na pengine hao peke yao watakupunguzia mzigo kiasi kwamba hamu ya kufuta inakuisha. Ndipo uende kwa wanaofanana sura, tena kwa kipimo kikali kwanza. Programu za bure zipo za kutosha. dupeGuru ina uwezo wa kuambiwa folda fulani ni ya heshima, yaani humo haifutwi kitu, inayofutwa ni ile ndugu yake iliyoko nje. Weka hapo folda iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera. Kuna nyingine inaitwa Czkawka, jina la Kipolandi, maana yake kwikwi. Usiniulize linatamkwaje, mimi mwenyewe nikilijaribu napata kwikwi kweli. Na digiKam unaweza kuipa picha moja tu ukaiambia itafute ndugu zake wote, na hii ndiyo ingemfaa mshikaji wetu: picha moja ya yule binti, zinakuja kopi zake zote zilikojificha. Ila asijidanganye, ndugu wa sura ni wa picha ileile. Picha nyingine ya binti huyohuyo, siku nyingine, amekaa upande mwingine, haiji kwa njia hiyo. Na ya kwenye simu atahangaika nayo hukohuko kwenye simu.

Kwenye kila kapu angalia vitu vitatu, kwa macho yako siyo kwa haraka yako: nukta ngapi, uzito kiasi gani, na tarehe ya ndani ipo au haipo. Mara nyingi kubwa ndiyo orijino, lakini siyo kila mara, maana mjomba akiikuza picha yake ya kukata kingo inaweza ikawa na nukta nyingi kuliko mama yake na isiwe na kitu ndani. Pia ile iliyokatikiwa umeme inaweza kuwa na jina zuri na nusu ya chini ya kijivu tupu. Ifungue. Na unapofuta, peleka kwenye pipa la taka la kompyuta, usifute moja kwa moja, liache pipa hilo wiki kadhaa bila kulimwaga.

Na kama umeshachelewa, orijino imekwenda na pipa limemwagwa, bado kuna mtu mmoja wa kumwendea kabla ya kulia: mpiga picha mwenyewe. Wengi wanahamishia kazi zao kwenye kompyuta zao na kuzitunza kwa muda. Ila kadi ya kamera yeye anaifuta, kwa sababu Jumamosi inayofuata ana harusi. Kwa hiyo hata wewe ambaye hujafuta chochote, mahafali yakiisha usingoje. Jumatatu asubuhi mfuate kazini kwake na flashi yako mkononi, mwambie akuwekee ileile iliyotoka kwenye kamera, asikurushie kwa simu.