Risasi ya Usiku Haimalizi Nguruwe

Katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, jua linapotua juu ya ranchi za ng'ombe, kazi nyingine huanza. Wenye ranchi na wageni wao huchukua bunduki, hupanda magari na kuelekea mabondeni na kandokando ya vijito kuwasaka nguruwe. Wanyama hao si ngiri wala nguruwe-mwitu wajulikanao na wakulima wa Afrika. Ni uzao wa nguruwe wa kufugwa, walioletwa na Wahispania tangu karne ya 16, wakaachwa wajitafutie chakula, na hatimaye wakaasi zizi. Katika miaka ya 1930 nguruwe-mwitu wa Ulaya nao waliingizwa Texas kwa ajili ya mchezo wa kuwinda. Baadhi yao walitoroka wakachanganya damu na wale wa kwanza. Basi waliodhani wameleta mchezo, walileta msiba.

Kundi moja laweza kuchimbua malisho kwa pua usiku mmoja hata yakafanana na shamba lililopitiwa na trekta. Hufukua mbegu zilizopandwa, huvunja nyua, huchafua mabwawa ya kunyweshea mifugo, na hata hula wana-kondoo waliozaliwa karibuni. Inakadiriwa kwamba Texas pekee ina nguruwe wa namna hiyo zaidi ya milioni 2. Jike hubeba mimba kwa siku 115 hivi, naye aweza kuzaa kabla hajatimiza umri wa miaka miwili. Wataalamu wamepiga hesabu wakaona kwamba yapasa kuondoa takriban theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka, ili tu idadi yao isiongezeke.

Usiku umechaguliwa kwa sababu. Nguruwe hatoki jasho la kutosha kumpoza, hivyo wakati wa joto hulala matopeni mchana kutwa. Tena akisumbuliwa mchana hujifunza kutembea gizani. Macho yake si makali, lakini pua yake haina mfano. Kwa hiyo mwindaji hunyatia akiuelekea upepo, akitazama kwa darubini ionyeshayo joto la mwili.

Hapa ndipo penye hatari. Darubini hiyo huonyesha joto, lakini si rahisi kumtambulisha mwenye joto hilo. Ndama ana joto, mbwa ana joto, na jirani aliyetoka kutazama bwawa lake ana joto pia. Risasi ya bunduki yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2, nayo haina macho. Askari aliyefundwa vyema hahitaji kuambiwa mara mbili: lenga kile tu ulichokitambua, jua kilichoko nyuma yake, na kila mmoja ajue mwenzake amesimama wapi. Mwindaji wa Texas asiyefuata kanuni hizo ni hatari kuliko nguruwe mwenyewe.

Sheria haikuwabana sana wawindaji. Mwaka 2011 Texas iliruhusu nguruwe hao wapigwe risasi kutoka kwenye helikopta, kwa idhini ya mwenye ardhi. Hata hivyo nguruwe wangali wapo. Mlio wa kwanza huangusha wawili watatu. Waliosalia hutawanyika, na toka siku hiyo huwa werevu zaidi. Ndiyo maana mwaka 2016 idara ya hifadhi ya jimbo la Missouri ilipiga marufuku uwindaji wa nguruwe hao katika ardhi yake.

Njia iliyoonekana bora ni boma kubwa la waya lenye lango moja. Mahindi humwagwa ndani usiku baada ya usiku, lango likiwa wazi, mpaka kundi zima, mama na watoto, lizoee kuingia bila hofu. Hapo ndipo lango hufungwa kwa mara moja. Kazi hiyo haina kishindo wala haimpi mtu hadithi ya kujisifia, lakini haimwachi aliyeponea akawafundishe wenziwe.

Nyumbani nako kuna la kuangalia. Nguruwe hao waweza kuwa na bruselosi, ugonjwa unaotupisha mimba za mifugo na kumletea mwanadamu homa ya kurudiarudia. Anayechuna yampasa avae glavu, anawe kwa sabuni, na asiwape mbwa nyama mbichi. Nayo nyama yapikwa hata ndani ifikie joto la nyuzi 71 za Selsiasi, ndipo iletwe mezani.

Ushindi wa usiku, basi, hauhesabiwi kwa maganda ya risasi yaliyotapakaa nyasini. Huhesabiwa asubuhi, mchunga ng'ombe anapoyakuta malisho yake mazima, na watu wote wa nyumba yake wameamka salama.